TAHARIRI: MAJI HAYANGOJI UMEME

Ndugu wanaushirika,

Kila mkutano tunasikia neno lile lile: "Umeme ukipanda kule mlimani, ndipo tutapata maji." Sisi tunasema hapana. Maji hayangoji umeme.

Mto Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro, hapa hapa Songea. Je, nani anausukuma kwa mashine mpaka Bahari ya Hindi? Hakuna. Unateremka wenyewe. Ndivyo yalivyo maji ya mserereko: banio likijengwa juu ya makazi, maji yanashuka bombani bila dizeli wala waya.

Na chanzo kikiwa bondeni? Ipo pampu ya hidramu, inayoendeshwa na nguvu ya maji yenyewe. Maji yakianguka meta 2, yanaweza kupandishwa meta 20. Ila tusidanganyane: katika kila lita 100, zinazofika juu ni kama 6 tu, nyingine zinarudi mtoni. Lakini pampu hiyo hailali. Kijito cha lita 100 kwa dakika kitatupa ndoo zaidi ya 400 kwa siku. Akina mama wanaojitwika ndoo wapige hesabu.

Mwaka 1971 Serikali ilipanga kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji ndani ya meta 400. Lengo halikufikiwa. Mashine nyingi zilikufa kwa kukosa dizeli na vipuri, na mabomba mengi kwa kukosa mwenyewe. Koki ikiharibika, watu walisema, "Hiyo ni ya Serikali."

Sasa jamani, tuambiane ukweli. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda meta 60 kutoka ukingo wa mto. Mbona bustani zetu zinagusa maji? Chanzo kikikauka, bomba litaleta nini? Upepo?

Tunapendekeza hivi:

1. Bustani za ukingoni ziondolewe. Baadhi yetu tunaoandika hapa tunazo, tutaanza sisi.

2. Kila kaya itoe nguvukazi ya kuchimba mtaro wa bomba.

3. Tukiuza mahindi, kila mwanachama atenge fedha za mfuko wa maji, na hesabu zibandikwe kwenye ubao huu, kila mtu asome.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mtaka maji ya mserereko sharti apande mlima.

Maji ni uhai. Tukilinde chanzo!