Desemba Si Msimu Wetu

Novemba ikielekea ukingoni, vikundi vingi vya sanaa hapa Mwanza huanza kupigiana simu. Nani ana meza za kuazima? Nani anafahamiana na mwenye hoteli kule Capri Point? Wiki mbili baadaye vikapu vimepangwa, batiki zimetundikwa, hereni za shanga zimelazwa juu ya kitenge, na bango linasema: Zawadi za Krismasi. Wanakuja walimu wa kigeni, wafanyakazi wa mashirika na watalii wachache waliotokea Serengeti. Wananunua kwa ukarimu, wanapiga picha na kwenda zao. Mama aliyesuka vikapu anarudi nyumbani na nusu ya mzigo wake.

Sina neno baya kwa wageni hao. Ugomvi wangu ni na kalenda. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya maonesho ya msimu na zawadi zinazotengenezwa kwa mkono, nami nataka kulifungua kwa hoja moja: maonesho haya yaandaliwe kwanza kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, na mtu huyo hana pesa Desemba.

Tazama mwaka wa mkulima wa Kwimba, Magu au Misungwi. Pamba hupandwa kati ya Novemba na Desemba, mvua ikishashika. Huo ni wakati wa jembe, wa mbegu na dawa za kunyunyizia, na mbele yake Januari inamngoja na sare, madaftari na michango ya shule. Mfuko umekauka. Pesa inaanza kuonekana Mei, vituo vya kununulia pamba vinapofunguliwa, na mpunga nao unapovunwa. Kuanzia hapo hadi Agosti ndipo watu wanapoezeka nyumba, wanapooa na kuozesha, wanapofanya sendofu na kicheni pati, wanaponunua baiskeli na ng'ombe. (Mvuvi wa dagaa ana hesabu yake: pesa yake hufuata giza la mwezi, maana usiku wa mbalamwezi dagaa hawaiendei taa. Huyo unaweza kumwuzia mwezi wowote, mradi ujue siku.)

Wasukuma walishaijua hesabu hii zamani, ndiyo maana mashindano yao ya ngoma huja baada ya mavuno. Bulabo, sherehe kubwa ya Bujora pale Kisesa, hufanyika Juni, ikifungamana na sikukuu ya Ekaristi. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeifanya Bujora kuwa kituo cha utamaduni wa Wasukuma, hakuwaletea watu msimu mpya. Aliukuta wanaucheza, akaufungulia uwanja. Makumbusho ya Wasukuma yapo papo hapo, kiasi cha kilomita 20 kutoka katikati ya jiji, na banda lake la kitemi limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Mtu haendi kule kuona vitu vilivyokufa. Anaviona leo, na kesho yake anaviona vikichezwa uwanjani.

Namna Bulabo inavyoamua mshindi inastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayeandaa maonesho. Wagika na Wagalu, zile jamii mbili za ngoma zilizoanzia kwa Ngika na Gumha, wachezaji mahasimu wa karne ya 19, huingia uwanjani kwa wakati mmoja. Kila upande una ngoma zake, manju wake, vituko vyake: huyu kaleta chatu, yule anarusha majembe hewani na kuyadaka. Watazamaji wako huru kwenda wanakotaka. Aliyevuta umati mkubwa ndiye aliyeshinda. Hakuna jopo wala bahasha. Watu hao hao, wakulima na wauza mitumba, wanahukumu kazi ya sanaa kwa miguu yao na kwa ukali ambao sijauona katika ukumbi wowote wenye kiyoyozi. Halafu tunaambiana kwamba mwananchi wa kawaida haelewi sanaa!

Najua jibu nitakalopewa. Mwananchi huyo huyo, akienda sokoni, anachagua beseni la plastiki na kuacha chungu. Anachagua maua ya kiwandani na kuacha kikapu. Kitu cha mkono ni ushamba, cha dukani ni maendeleo. Kuna ukweli humo, lakini ni ukweli nusu. Mtu yule yule humpelekea fundi kitenge na kumwelekeza mshono, humwagiza seremala kabati na kitanda, humlipa manju aje kuimba kwenye harusi ya mwanawe. Ananunua kazi ya mkono mwaka mzima. Ila kazi hizo hatuziiti sanaa, na zile tunazoziita sanaa hatujamwuliza kama zinamfaa. Kishikio cha funguo chenye umbo la twiga kimfanyie nini mama wa Igoma?

Anachohitaji ni zawadi ya kutoa mbele za watu. Hilo pwani hii ya ziwa inalijua vizuri. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe kitabu cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliujaza humo ulimwengu mzima wa vitu vinavyotengenezwa na kupelekwa: Myombekere hampati tena mkewe mpaka awapelekee wakwe zake mitungi ya pombe ya ndizi, na pombe ile haiji hivi hivi, tunaoneshwa jinsi inavyotengenezwa, hatua kwa hatua. Kitabu kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, mwandishi akafariki mwaka uliofuata. Ukikisoma leo unaona kwamba zawadi katika ukwe ni kazi, na kazi ile hukaguliwa na macho makali sana.

Ukwe haujafa. Kwenye sendofu za Nyakato na Buswelu zawadi hutolewa kwa nyimbo, mstari mrefu wa akina shangazi wakicheza na sufuria, blanketi na magodoro kichwani. Asilimia kubwa ya vitu hivyo vimetoka viwandani mbali, vimeshushwa Kariakoo, vikaletwa kwa lori. Kwa nini katika mstari ule pasiwe na mkeka mpana uliosukwa Ukerewe, chungu kilichochomwa vizuri, kigoda kilichochongwa kwa ajili ya bibi harusi huyo mwenyewe? Soko hilo lipo kila Jumamosi, halihitaji viza wala ndege.

Ndege nazo zina habari yake. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230 kutoka nje. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege duniani, walikuja 620,867. Mchongaji au msukaji aliyekuwa akimtegemea mgeni peke yake alipoteza zaidi ya nusu ya wanunuzi wake bila kosa lolote, na hakuwa na jirani aliyezoea kununua kwake. Mkoa wa Mwanza peke yake, kwa sensa ya 2022, una watu karibu milioni 3.7. Sisemi wote watanunua vikapu. Nasema hawajaalikwa.

Mfano wa Dar es Salaam unafundisha mambo mawili yanayopingana kidogo. Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968 kuchora kwa rangi za mafuta juu ya vipande vya ubao wa dari, akiviuza karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, mtaa wa wageni. Alifariki 1972. Wanafunzi wake wakaendelea, wakaunda ushirika, na mtindo ukaenea duniani. Lakini kwa kuwa mnunuzi alikuwa msafiri wa siku mbili anayetaka kitu cha kuingia begini, wanyama wakawa wale wale na chui akawa na macho yale yale. Kuna mafundi hodari sana katika kundi lile, ila soko liliwabana. Mwaka huo huo wa 1972 Sista Jean Pruitt alianzisha Nyumba ya Sanaa, mahali palipouza kadi, batiki na vitu vidogo vya zawadi huku pakifundisha. George Lilanga aliingia pale akiwa mlinzi, akatoka akiwa msanii anayejulikana duniani. Kwa hiyo meza ya zawadi si aibu ya jumba la sanaa. Inaweza kulilea, ilimradi anayechora kadi leo aachiwe nafasi ya kuchora anachotaka kesho.

Mwanza ina vya kuanzia. Chuo cha Ualimu Butimba kimewafundisha walimu wa sanaa ambao wamesambaa nchi nzima. Kampasi ya Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) iliyo hapa hapa inafundisha teknolojia ya ngozi, na wenzetu wa Kisumu walishaonesha kwamba hata ngozi ya sangara, ambayo viwanda vya minofu huiondoa, hutengenezwa ikawa mkoba na kiatu. Wenzetu hao hao husuka samani kwa magugu maji, yale yale yanayoziba mialo yetu. Pale mtaa wa Makoroboi, mafundi walikuwa wakigeuza makopo kuwa taa za mafuta kabla hatujaanza kuzungumza juu ya kurejeleza taka. Barabara nayo imefupika: tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi linavukwa kwa dakika chache, na mfinyanzi wa Sengerema hana tena sababu ya kukesha kwenye foleni ya kivuko na vyungu vyake.

Kitu kimoja kinanikera hata katika maonesho mazuri. Ukiuliza kikapu hiki kimesukwa na nani, unajibiwa kimetoka Singida, au ni cha akina mama wa kikundi. Manju wa ngoma hakubali hilo. Hujitaja katika wimbo wake, humtaja hasimu wake, na miaka mingi baadaye watu bado wanajua wimbo ni wa nani. Manju mara nyingi ni mwanaume. Anayesuka na kufinyanga mara nyingi ni mwanamke. Sioni sababu nyingine ya tofauti hiyo. Mnunuzi wa huku hununua kwa mtu anayemjua, humsifia kwa jina na humtuma mwenzake kwake. Kikapu kisicho na jina hakimleti mteja wa pili.

Basi ombi letu kwa vikundi, shule, parokia na yeyote mwenye ukumbi: maonesho makubwa yajayo yafanyike Juni, wakati wa Bulabo, yakifuata barabara ya Kisesa badala ya ngazi za hoteli. Desemba ibaki kwa wageni, si haba. Kila kitu kiwe na karatasi yenye jina la aliyekitengeneza, kijiji chake na bei yake, bei moja kwa Mzungu na kwa Msukuma. Nawe msomaji, ukialikwa kwenye sendofu mwaka huu, kabla hujaenda dukani, pitia kwa fundi mmoja unayemfahamu umwagize kitu. Mpe muda, na umlipe nusu mapema.