Dira Ipo, Majira Yako Wapi?

Katika mchezo wa kusaka visambaza-mawimbi vya redio vilivyofichwa porini, mshindani hubeba kipokezi, antena, dira na ramani. Visambazi vitano hupokezana zamu, kila kimoja dakika moja. Mshindani huzungusha antena, akatambua mlio utokako, akachora mstari ramanini; akisogea akachora wa pili, mistari ikutanapo ndipo penye kificho.

Nyika ya Tseikuru, kaskazini mwa Kitui, ingeufaa mchezo huu, ijapokuwa katika ramani ya kipimo cha 1:50,000 sentimita moja ni nusu kilomita nzima ya miiba. Ila mwalimu wa huko atakayeufundisha kwa Kiswahili atakwama kwenye mstari ule: auiteje? Wapo watakaokimbilia kutohoa 'beringi'. Hiyo ni pupa. Mabaharia wa pwani waliuita mwelekeo wa chombo majira, neno ambalo wanafunzi wengi hulijua kwa maana ya nyakati tu. Antena imetoholewa, na haina ubaya. Haikuwa na mwenyeji wa kumpisha. Majira yapo kamusini, yanangoja mtu wa bara ayapandishe kutoka baharini hadi Tseikuru.