Tuzibe Kabla ya Kuchimba

Wako watu wasemao kwamba roboti ya kukagua mabomba ya maji ni anasa ya Ulaya, na ya kwamba dawa ya kiu ya Kwale ni kuchimba visima vipya tu. Kauli hiyo yapendeza masikioni, lakini haisimami mbele ya hoja.

Maji ya Diani na Ukunda hutegemea visima vya Tiwi. Ardhi ya huko ni mchanga na mawe ya matumbawe, na bahari i karibu. Maji matamu yavutwapo kupita kiasi, maji ya chumvi hujongea kushika nafasi yake, na kisima kilichoingiwa na chumvi hakiponi upesi. Basi kila pipa la maji livujalo chini ya barabara lataka pipa jingine livutwe kisimani kulifidia.

Na yapoteayo si haba. Kwa ripoti za miaka ya karibuni za Bodi ya Kudhibiti Huduma za Maji (WASREB), zaidi ya sehemu 40 katika kila 100 za maji yatolewayo na makampuni ya maji nchini Kenya hazilipiwi: mengine huvuja, mengine huibwa, mengine hayapimwi. Mwenye mtungi uliotoboka huziba tundu kwanza.

Lakini tundu lililofukiwa halionekani. Fundi hungoja maji yachipuke juu, na katika mchanga wa pwani maji yaweza kuzama siku nyingi yasichipuke. Hapo ndipo roboti ifaapo: hupita ndani ya bomba, ikipiga picha na kusikiliza mlio wa maji yapenyayo, fundi akajua pa kuchimba. Huko Uingereza, vyuo vikuu vya Sheffield, Birmingham, Bristol na Leeds vilianza mwaka 2019 kushirikiana kuziunda ndogo za namna hiyo.

Watauliza, fundi wetu atakula nini? Roboti haishiki koleo wala haiungi bomba, huonyesha tu. Hatari ya kweli ni kuonyeshwa ufa kisha kuuacha. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Haki hiyo haitimizwi na ramani ya nyufa iliyofungiwa kabatini. Serikali ya Kaunti na ikodi mashine hizo, na itenge pamoja nazo fedha za mafundi na mabomba mapya.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa kuizuia bahari isiingie kisimani, nani ataujenga?