Ukuta wa Kupanga

Watu wengi wa mijini wana msemo wanaorithishana kama mali ya wazee: nyumba ya kupanga haipambwi. Wasema kwamba ukuta ni wa mwenye nyumba, siku za mpangaji ni za kuhesabika, na kila senti itumiwayo kuupamba ni kama maji yaliyomwagwa mchangani. Msemo huu una sura ya busara, nao hupokewa na wengi bila ya kuulizwa swali. Mimi nasema si busara. Ni uvivu uliovaa joho la busara, nao umewanyima watu wengi furaha ambayo haikuwa na gharama kubwa.

Kwanza tutazame ni watu wangapi wahukumiwao na msemo huu. Hesabu ya watu iliyofanywa nchini Kenya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika Nairobi karibu kaya tisa katika kila kumi hukaa katika nyumba za kupanga. Basi kama nyumba ya kupanga haipambwi, mji karibu wote umehukumiwa kuishi baina ya kuta tupu. Wala si kifungo cha mwezi mmoja. Mtu huja mjini angali kijana, akapanga chumba kimoja. Huoa, akapanga viwili. Watoto huzaliwa, wakasoma, wakaenda zao, naye bado ampelekea mwenye nyumba kodi kila mwisho wa mwezi. Nyumba ni ya mwingine, hilo halina ubishi. Lakini miaka hiyo yote ni ya nani? Mwenye nyumba humkodisha mtu vyumba, hamkodishi umri wake. Na mtoto azaliwaye katika nyumba ya kupanga hana utoto mwingine uliowekwa akiba mahali pengine, aje autumie siku baba yake atakapojenga.

Wapo watakaojibu kwamba picha ni mambo ya matajiri. Hao hawajaingia katika nyumba za maskini. Pita katika vyumba vya mabati na vya mbao, utaona kurasa za magazeti zilizogandishwa ukutani, kalenda za miaka iliyokwisha ambazo hazikutupwa kwa sababu picha zake zapendeza, vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, na picha ya binti aliyevaa joho siku ya kuhitimu. Mtu asiye na hakika ya chakula cha kesho amepata nafasi ya kulilisha jicho lake leo. Tamaa ya uzuri haikuumbwa pamoja na fedha, wala haiondoki fedha inapoondoka. Anayemwambia mpangaji angoje mpaka awe na nyumba yake ndipo apende uzuri, amemwambia angoje mpaka awe tajiri ndipo awe mtu.

Nimeutetea mpangaji hata hapa. Sasa sharti nimshitaki, na shahidi wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Nilipoanza kazi nilipanga chumba cha mawe katika mtaa mmoja wa mashariki ya Nairobi. Nilikuwa na picha kumi na moja, nami nilinunua misumari kumi na mmoja ya inchi tatu. Sikumwuliza mtu. Lipu ya ukuta ule ilikuwa nyembamba, na mawe nyuma yake yalikuwa magumu. Kila msumari uliokataa kuingia niliupiga kwa hasira zaidi, lipu ikamomonyoka vipande vipana kama visahani, nami nikavificha vidonda kwa kuzishusha picha kidogo. Siku ya kuhama nilizing'oa. Mwenye nyumba, mzee mpole, aliingia, akasimama, akaanza kuhesabu kwa kidole.

“Kijana,” aliniuliza, “ulikuwa unapamba nyumba au unaibomoa?”

“Mzee, ni matundu ya misumari tu,” nilijibu.

“Ungekuwa ukuta wa baba yako, ungeliita tundu hili tu?”

Sikuwa na jibu. Alizuia sehemu kubwa ya amana yangu ili amlipe fundi, nami niliondoka nikinung'unika kwamba nimedhulumiwa. Miaka imepita, na leo nakiri kwamba mdhulumu nilikuwa mimi. Nilikuwa nimeununua uzuri wangu kwa mali ya mtu mwingine. Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Mpangaji wa kwanza akipiga misumari kumi, wa pili akapiga kumi yake, na wa tatu asiridhike na iliyopo, mzee atabakiwa na chujio mahali alipojenga ukuta.

Hata hivyo, kosa la wapangaji halihalalishi ukali wa wenye nyumba wapitao kiasi. Wako wanaokataza kila kitu: msumari, gundi, hata kalenda. Wako wengine ambao mpangaji akihama humtoza gharama ya kupaka rangi nyumba nzima, ingawa rangi ile ilikuwa imekwisha pauka kwa jua na moshi wa miaka. Mikataba mingi humtaka mpangaji airudishe nyumba kama alivyoipokea, isipokuwa uchakavu wa kawaida. Maneno hayo ya mwisho yaliandikwa kwa haki, nayo hayafai kurukwa na macho ya mwenye nyumba. Tena mtu apendaye anapokaa hupafagia, hupafuta vumbi, na hutoa habari paa linapovuja. Asiyepapenda hupaacha paoze. Kwa hiyo mwenye nyumba akatazaye uzuri hulinda lipu na kuihatarisha nyumba.

Ubishi baina ya pande hizi mbili hauna haja ya kuwapo, kwa maana ziko njia za kuupamba ukuta bila ya kuujeruhi, na nyingine ni za kale. Tazama majumba ya mawe ya Lamu. Mafundi wake walifinyanga zidaka katika lipu ya chokaa, safu juu ya safu, na wenyeji wakaweka humo vyombo vya kauri vilivyoletwa na majahazi. Chombo kile hakikupigiliwa. Kiliketi. Mpangaji hawezi kuchimba kidaka katika ukuta wa mtu, lakini aweza kuweka rafu isimamayo kwa miguu yake, na juu ya rafu akaegemeza picha zake.

Picha nyingi za nchi zetu zafaa sana kwa njia hiyo. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia vipande vya ubao mwembamba vya mraba na rangi za kung'aa, na hadi leo michoro ya namna ile huitwa kwa jina lake. Kipande cha ubao namna hiyo ni chepesi. Kiweke juu ya kabati, kiegemee ukuta, nacho kitang'aa chumbani kote pasipo tundu hata moja.

Njia ya pili ni kutundika mahali palipokwisha wekwa pa kutundikia. Nyumba nyingi zina fito za pazia, nondo za madirisha, na misumari iliyoachwa na waliotangulia. Leso moja ina upana wa kufunika sehemu kubwa ya ukuta wa chumba kidogo. Itundike katika ufito kwa vibanio, jina lake lielekee wageni, na ukuta hautajua kwamba umevikwa nguo.

Njia ya tatu ni kiunzi. Mwambie seremala akutengenezee fremu ya mbao, ndefu kama mlango, isimame sakafuni na kuegemea ukutani. Humo piga misumari upendavyo, kwa kuwa mbao ni zako. Siku ya kuhama utaubeba ukuta wako begani.

Njia ya nne ni kubandika, nayo yataka akili kuliko zote. Kwanza ijue rangi. Ukuta uliopakwa chokaa haushiki kitu: gundi hushika unga wa chokaa, na picha huanguka nao. Rangi ya maji, hasa iliyopakwa juu ya vumbi au unyevu, hubanduka pamoja na utepe wa gundi. Rangi ya mafuta huvumilia zaidi na hufutika kwa kitambaa chenye maji. Kabla ya kubandika chochote, jaribu kipande kidogo nyuma ya kabati, ukiache siku kadhaa, kisha ukitoe utazame kimeondoka na nini. Siku hizi huuzwa tepe ambazo zikivutwa polepole kuelekea chini, sambamba na ukuta, huachia zenyewe. Lakini mtu mwenye haraka huzivuta kuja kwake, na rangi humfuata. Wala kitu kizito chenye kioo kisitundikwe kwa gundi juu ya kitanda cha mtoto, hata kama aliyeiuza ameapa.

Na kama hapana budi ila msumari, basi omba ruhusa, nayo iandikwe. Piga mmoja, si kumi na mmoja. Ukihama, ziba tundu, lisugue, lipake rangi ifananayo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: mpangaji aitumiaye methali hii siku ya kuhama hana haja ya kugombania amana yake.

Wewe kijana usomaye maneno haya huenda ukadhani kwamba shauri hili halikuhusu mpaka utakapopata kazi. Lakini kama unakaa katika bweni, wewe ni mpangaji tayari. Ukuta ulio kando ya kitanda chako ulikuwa na kijana mwingine kabla yako, na baada yako atakuja mwingine. Utazame. Yamkini utaona majina yaliyochimbwa kwa ncha ya bikari, mabaki ya gundi, na picha zilizochanwa nusu. Kila mmoja wa wale alitaka jambo moja, nalo halikuwa baya: alitaka mahali pale pajue kwamba alikuwapo. Kosa lake ni kudhani kwamba alama ya mtu ni lazima iwe jeraha. Funga uzi kutoka nguzo moja ya kitanda hadi nyingine, tundika humo picha ya mama yako na mchoro ulioufanya mwenyewe, kama sheria za shule zaruhusu. Utalala mahali pako, na ajaye atapakuta pazima.

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango. Nami naongeza kwamba haiwi njema kwa hati ya kumiliki peke yake. Iko nyumba yenye hati ambayo kuta zake ni baridi kama za ghala, na kiko chumba cha kodi ambacho mgeni akiingia hasahau. Acheni kuwaambia wapangaji wangoje. Waambieni wapambe leo, kwa mikono safi na kwa vitu watakavyoondoka navyo, ili siku ya kurudisha ufunguo mwenye nyumba aupokee ukuta wake mzima, na mpangaji atoke na uzuri wake mzima, wala pasiwe na mmoja aliyemwibia mwenzake.