Mkia haukufupishwa ili ndege aruke

Mchoro ni uleule kila mahali: dinosauri mwenye mkia mrefu kushoto, ndege mwenye mkia mfupi kulia, na katikati yao foleni ya viumbe ambao mkia wao unapungua hatua kwa hatua. Anayeutazama huondoka akiamini mambo mawili: kwamba mkia ulifupika polepole, na kwamba ulifupika kwa ajili ya kuruka. Visukuku havikubaliani na hata moja kati ya hayo. Archaeopteryx wa Bavaria, Ujerumani, aliyeishi miaka milioni 150 hivi iliyopita, alikuwa na mkia wa mfupa wenye pingili zaidi ya 20, na ndiye anayepewa nafasi ya katikati ya foleni. Lakini mwaka 2025 wanasayansi wa China walimtangaza ndege wa kale Baminornis kutoka mkoa wa Fujian, wa miaka milioni 149 hivi iliyopita, ambaye mkia wake ulikuwa tayari mfupi na pingili za mwisho zimeshikamana, kama wa ndege wa leo. Hao wawili ni wa zama moja. Tena miaka milioni 30 hivi baadaye, ndege mwingine, Jeholornis, alikuwa bado anaburura mkia mrefu kuliko wa Archaeopteryx.

Mtetezi wa foleni atasema kwamba ukoo wa kale unaweza kudumu hata baada ya ukoo mpya kuzuka, na kwamba visukuku ni vichache. Yote mawili ni kweli. Hata hivyo, ndege wa mkia wa katikati anayekubaliwa na wataalamu wote hajapatikana, na huenda hakuna sababu ya kumsubiri. Kifaranga akiwa bado kwenye yai huanza na pingili za mkia nyingi kuliko za kuku mzima, kisha za mwisho huungana. Na kwa panya imeonekana kwamba badiliko katika jeni moja tu linaweza kukata mkia na kugandisha pingili zake kwa pamoja. Mkia unaweza kupotea ghafla.

Dai la kuruka ni dhaifu zaidi. Nomingia, dinosauri wa Mongolia, alikuwa na pingili tano za mwisho zilizoungana, naye hakuruka hata kidogo. Kinachosahaulika ni mguu. Kwa dinosauri wengi, msuli mnene ulitoka mkiani hadi kwenye paja na kulivuta nyuma kila walipopiga hatua; ndio ulioendesha hata lile jitu la Tendaguru, Lindi, Giraffatitan. Katika ukoo uliozaa ndege msuli huo ulianza kunywea kabla ya kuruka, uzito ukasogea mbele, na mwendo ukahamia gotini. Watafiti wa Chile waliwafunga kuku mkia bandia tangu wakiwa vifaranga, na matokeo yao ya mwaka 2014 yalionyesha paja likisimama wima zaidi na kuzungushwa kutoka nyongani, kidinosauri.

Je, ule upepeo wa manyoya ambao ndege wa leo huukunjua anapotua? Unamsaidia sana, hilo halina ubishi. Ila ndege wa kale Confuciusornis alikuwa na mfupa ulioungana bila upepeo wowote; baadhi yao walikuwa na manyoya mawili tu marefu kama utepe, ya kujionyesha. Mfupa ulitangulia, na kazi yake ya angani ikaja baadaye.