Jeki ya Wote Haina Mwenyewe

  Leo nataka tuzungumze juu ya gereji. Tafadhali mama, usigeuze ukurasa ukidhani haya ni mambo ya wanaume na grisi zao. Yanayotokea katika gereji inayokodiwa na watu watano ndiyo yayo hayo yanayotokea katika chama cha akina mama, na katika chumba wanachokodi wanafunzi wanne karibu na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Hata ndugu walioachiwa shamba moja na marehemu baba yao wanayajua.

Hapa Kakamega sisi tuko watano. Mimi nina Toyota Corolla iliyonizidi umri wa kazi. Yuko mwalimu wa sekondari aliyeachiwa na babake Peugeot 504, gari ambalo zamani lilibeba abiria na mizigo kote nchini na ambalo yeye ameapa kuwa halitauzwa kwa kilo. Yuko dada mmoja karani, mwenye Volkswagen ile ya umbo la kobe. Yuko kijana mwenye pikipiki mbili za bodaboda. Wa tano ni fundi welda, ambaye kwake gereji si mapenzi bali ni riziki. Watoto wake hula kutokana na mashine yake ya kuchomelea. Tena kuna kijana mwanafunzi wa ufundi wa magari pale Sigalagala, ambaye huja Jumamosi na siku za likizo kujifunza kwa mikono yale anayofunzwa kwa chaki.

Huenda ukauliza, kwa nini tukodi mahali badala ya kila mtu kutengenezea gari lake nyumbani? Jibu ni kwamba tulijaribu. Mwenye nyumba ninayopanga alinionya mara mbili kwa sababu ya mafuta machafu kwenye saruji yake. Mwalimu naye alikuwa akifungua injini chini ya mwembe, na wewe unaijua mvua ya Kakamega. Asubuhi jua linawaka, saa tisa alasiri radi inanguruma upande wa msitu, na kabla hujafunika boneti maji yamekwisha kuingia kwenye kabureta. Mafundi wa nchi hii waliitwa jua kali kwa kuwa walifanya kazi zao bila paa. Mwaka 1985 Rais Moi alipowatembelea wale wa Kamukunji, Nairobi, aliahidi kuwajengea vibanda vya kuwakinga. Huku kwetu hilo jua kali ni nusu tu ya jina. Nusu ya pili ni mvua kali.

Basi tukapata uwanja wenye ua, kibanda cha mabati, sakafu ya saruji na stima, kando ya barabara ya kuelekea Mumias. Kodi ilikuwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Kwa mtu mmoja mwenye karo za kulipa huo ni wazimu. Kwa watu watano ni shilingi 3,000 kila mmoja. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, nasi siku ile tulijiona kama mkono mzima.

Na faida tuliiona upesi. Mmoja alileta jeki ya toroli, mwingine kompresa, mwingine sanduku la spana. Niliyekuwa nikimwita fundi kwa kila kelele ya gari nilijifunza kubadilisha pedi za breki mwenyewe. Yule dada karani, ambaye wengi walidhani atakuwa akituletea soda, ndiye aliyekuwa hodari kuliko sote katika kurekebisha vali. Jioni tulikaa juu ya magurudumu makuukuu tukibishana kuhusu Safari Rally. Mwalimu hachoki kusimulia jinsi Joginder Singh, mzaliwa wa humu humu Kenya, alivyoshinda mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant wakiwa na Volvo iliyokwishatumika. Kisha huongeza kwa majivuno kwamba mwaka 1975 na mwaka 1978 ushindi ulikwenda kwa Peugeot 504, kana kwamba ni hii yake iliyopaa juu ya stendi.

Lakini mpenzi msomaji, ushirika ni kama ndoa. Arusi ni siku moja tu. Mwezi wa tatu ukaanza mzozo wa spana. Wenye magari ya Kijapani wanajua kwamba bila spana namba 10, 12, 14 na 17 huendi popote. Namba 10 ikapotea, ikanunuliwa, ikapotea tena. Kila mtu akamtazama mwenzake kwa jicho la pembeni. Mwezi wa nne ukaja mzozo wa stima. Mashine ya welda hula tokeni kama moto ulao nyasi kavu, na mwenye pikipiki, ambaye hutumia taa moja tu, akauliza kwa nini alipe sawa na fundi. Fundi naye akajibu kwamba geti lililolinda pikipiki zao usiku alilichomelea yeye bure.

Mzozo wa tatu ulikuwa wa kimya, na huo ndio uliokuwa mbaya zaidi. Peugeot ya mwalimu ilipandishwa juu ya stendi zetu nne ikingoja spea. Mwezi ukapita, ukaja wa pili, ikafika miezi minane. Hakuna aliyemwambia kitu. Ni mtu mzima, ni mwalimu, ni rafiki, na gari ni la marehemu babake. Tukasema tumstahi. Stendi zikabaki pale chini zikifanya kutu.

Jumamosi moja nililileta gari langu kwa shida ya klachi. Stendi hazikuwapo. Nikaliinua kwa ile jeki ya toroli, nikasukuma jiwe chini ya chesisi ili kujidanganya kuwa nimechukua hadhari, na kijana wa Sigalagala akaingia chini. Mwendo wa saa nne hivi mama wa chai akapiga kelele getini kwamba chai inapoa. Kijana akajivuta nje, akasimama, akajipangusa mikono. Hakuwa amefika kwenye kikombe wakati gari liliposhuka. Halikuanguka kwa kishindo. Lilishuka kwa pumzi moja, jiwe likapasuka vipande viwili, na chesisi ikalala pale pale kifua chake kilipokuwa.

Hakuna aliyesema neno. Kisha fundi akasema polepole, "Ile jeki inavuja mafuta. Niliona juzi." Dada karani akasema aliona wiki iliyopita. Mwenye pikipiki akasema alidhani sote tunajua. Nami, ndugu msomaji, nakiri mbele yako: nilikuwa nimeona doa la mafuta chini yake siku nyingi, nikalipangusa kwa kitambaa, nikaendelea na kazi.

Hebu nikueleze hatari yenyewe, maana huenda nawe una jeki nyumbani. Jeki ya mafuta hufanya kazi kwa shinikizo. Ukipiga mkono wake, mafuta husukumwa chini ya pistoni, nayo hupanda pamoja na gari. Kinachoyazuia mafuta yasirudi ni vali ndogo na pete ya mpira. Mpira ukichakaa mafuta hupenya, na gari lenye uzito wa tani moja hivi hushuka, pengine taratibu, pengine ghafla. Kwa hiyo jeki ni chombo cha kuinulia, si cha kushikilia. Kazi ya kushikilia ni ya stendi za chuma zilizosimama juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Jiwe na tofali si stendi. Hupasuka bila kukupa taarifa.

Jioni ile nilimpeleka kijana kwao. Mamake alinipokea kwa furaha, akanishukuru kwa kumfunza mwanawe kazi, akanifungia na mkungu wa ndizi. Niliupokea mkungu ule nikiwa sina ulimi. Usiku sikulala. Mke wangu akaniuliza, "Baba watoto, una nini?" Nilipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Rudi ukamwambie. Mtoto ni wake."

Wiki iliyofuata nikarudi. Yule mama alinisikiliza hadi mwisho. Hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza jambo moja tu: "Sasa baba, hiyo jeki ni ya nani?"

Nikajibu, "Ni yetu sote, mama."

Akatikisa kichwa. "Basi haina mwenyewe."

Msomaji wangu, nimehudhuria mikutano mingi na kusikiliza hotuba nyingi juu ya vyama na ushirika, lakini sijasikia neno lililonikaa moyoni kama lile. Sisi tulidhani ya kwamba kitu kikiwa cha watu watano kina walinzi watano. Kumbe kila mmoja alikuwa akimwachia mwenzake, na kwa kuwa hakuna aliyetajwa, hakuna aliyewajibika. Kodi tuliigawana vizuri. Tulichosahau kugawana ni jukumu.

Siku hiyo hiyo tuliitana. Mwalimu aliposikia kwamba stendi zilikuwa chini ya gari lake, machozi yalimlengalenga. "Kwa nini hamkuniambia?" akauliza. Tulitazamana. Ile heshima tuliyodhani tunampa haikuwa heshima hata kidogo. Ilikuwa ni uoga wetu wa kusema. Gari lake lilishushwa jioni ile ile kwenye magurudumu manne ya kuazima na kusukumwa pembeni mwa ua, chini ya turubai.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tulinunua daftari. Haya ndiyo tuliyoandika, nawe unaweza kuyachukua ukayafaa kwa ushirika wako, uwe ni wa magari, cherehani au kuku wa mayai.

Kwanza, kila chombo cha pamoja kina jina la mtu mmoja. Jeki ni ya fundi, kompresa ni ya dada karani, spana ni zangu. Hatukusema ni mali yake. Tulisema ni swali lake. Kikiharibika, yeye ndiye wa kuulizwa. Chombo kibovu hufungwa kitambaa chekundu na kutolewa nje ya kibanda siku hiyo hiyo, wala hakirudishwi hadi kitengenezwe.

Pili, hakuna anayeingia chini ya gari linaloshikiliwa na jeki pekee, hata kwa dakika moja, hata kama ni kuokota nati. Na mtu wa pili lazima awe karibu.

Tatu, gari likikaa zaidi ya siku thelathini bila kufanyiwa kazi, huondolewa kwenye sakafu au mwenyewe hulipia nafasi zaidi. Limeandikwa kabla, kwa hiyo hakuna anayeona haya kulisema.

Nne, stima. Fundi alijitolea kununua tokeni za mashine yake mwenyewe, akafungiwa mita yake ndogo. Sisi wengine tunagawana taa na kompresa.

Tano, kodi hukusanywa kabla ya tarehe tano, na risiti huandikwa majina yetu sote. Awali ilikuwa na jina langu peke yangu. Mbele ya mwenye ploti, jina lililo kwenye karatasi ndilo linalodaiwa. Wenzako wakitoweka, deni lote litakulalia wewe na watoto wako. Tena tuliandika jinsi ya kuondoka: notisi ya mwezi mmoja, na unaondoka na vyombo ulivyokuja navyo.

Sita, mafuta machafu huwekwa kwenye pipa. Hayamwagwi mtaroni, maana maji ya mitaro yetu huteremka hadi mtoni, na kuna watu wanaoteka maji huko.

Utashangaa kwamba tangu siku ile spana namba 10 haijapotea. Si kwamba watu wamekuwa malaika. Ni kwamba jioni mimi huzihesabu, na kila mtu anajua nitahesabu.

Kwenu wanafunzi, nawaambia hivi: ukiona chombo kibovu mahali unapojifunza kazi, sema, hata kama wewe ndiwe mdogo kuliko wote. Kijana wetu alikuja kutuambia baadaye kwamba naye aliona mafuta yale, lakini akaona haya kuwafundisha wazee. Adabu njema haikutaki ufe kimya. Na kwenu wazazi wenzangu, mtoto akikwambia anakwenda kujifunza kazi kwa fundi fulani, siku moja nenda ukatazame. Huhitaji kujua chochote kuhusu magari. Nyosha kidole kwenye chombo chochote, kisha uliza lile swali la mama yule: hiki ni cha nani? Ukijibiwa kwa jina la mtu, kunywa chai yako kwa amani. Ukijibiwa kwamba ni cha wote, mshike mwanao mkono mrudi nyumbani kwanza.