Mbwa Wako Anataka Nini?

Ukipita mitaani kwetu saa saba mchana utawaona mbwa wamefungwa minyororo mifupi nyuma ya nyumba, juani, bakuli la maji limepinduka. Ukiwauliza wenye mbwa hao, watakwambia wanawafanya wawe wakali. Wengine huwalisha pilipili. Wengine humwita kijana awachokoze kwa fimbo getini, eti wajifunze kuwachukia wageni. Naomba leo tuambiane kweli: hayo si mafunzo.

Mbwa hatendi jambo bila kusukumwa na kitu kilichomo ndani yake. Yuko anayesukumwa na tumbo. Yuko mwenye silika kali ya kuwinda, kila kinachokimbia lazima akikimbize. Yuko anayetaka tu kuwa karibu na watu wake. Na wote wana silika ya kujihami, ambayo huamka wanapoogopa. Kazi ya mfunzaji ni kujua ipi aiamshe na ipi ailaze.

Tazama mbwa wanaonusa pembe za ndovu katika bandari ya Mombasa. Mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa mbwa hao, na wengi wamefunzwa pamoja na waongozaji wao huko Usa River, karibu na Arusha. Mbwa yule hajui ujangili ni nini, wala pembe kwake haina thamani. Anachokitafuta kati ya makontena ni mchezo wake: amezoeshwa kwamba akiipata harufu ile na kuionyesha, mpira utarushwa. Ndiyo maana kwa kazi hiyo huchaguliwa yule ambaye ukimtupia mpira kwenye majani marefu hachoki kuutafuta. Mbwa huyohuyo, kwetu angeitwa mtukutu na kupigwa mateke kwa kukimbiza kuku.

Kuitumia silika ya mbwa badala ya kuivunja si jambo geni. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefunzwa, na katika maelekezo ya Mtume kwa Adiy bin Hatim imo alama ya wazi: mbwa akilila windo, basi amejikamatia mwenyewe. Hebu tulizingatie hilo. Silika ya kukimbiza na kukamata imeachwa hai, haikuvunjwa kwa bakora. Alichofunzwa mbwa ni kuishia hapo.

Wachungaji wa mpakani mwa Scotland na Uingereza walifanya mfano wa hayo kwa kuzalisha border collie, anayekodoa macho, kunyatia na kukimbiza kondoo pasipo kuua. Lakini Namibia, tangu 1994, Cheetah Conservation Fund huwapa wafugaji mbwa wa asili ya Anatolia wasiotakiwa kukimbiza mifugo hata kidogo. Hukuzwa pamoja na mbuzi tangu wangali wachanga, wakawaona kuwa jamaa zao, na duma akija husimama kati wakabweka.

Sasa turudi kwa mbwa wa mnyororo. Umeamsha nini ndani yake? Hofu tu. Mtazame anavyobweka: mkia katikati ya miguu, masikio nyuma, hatua moja mbele, mbili nyuma. Mbwa wa namna hiyo hampambanui mwizi na mtoto aliyefuata mpira wake uani. Mwizi jasiri akimkemea, atajificha uvunguni mwa gari. Mtoto akikimbia, atamng'ata. Nimeyaona hayo mtaani kwetu, familia nzima ikihangaika usiku kutafuta sindano za kichaa cha mbwa, na mtoto aliyeumwa alikuwa wa mwenye mbwa.

Wapo watakaosema mbwa wetu hawaelewi ila fimbo. Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuko, nanyi mmempa mbwa bahari tupu. Mwonyesheni ufuko! Kama ni mtoto bado, mzoesheni watu, watoto na pikipiki kati ya wiki 3 na 12 za umri wake, kwa kuwa baada ya hapo mlango huo hufunguka kwa shida.

Na kama amekwisha kukua, jioni ya leo, kabla ya ugali wake, chuchumaa mbele yake. Mkono mmoja shika dagaa, wa pili kitambaa chenye fundo, ukiburute chini kama panya anayekimbia. Angalia macho yake yanafuata nini. Akiviacha vyote viwili akaja kulaza kichwa gotini pako, hilo nalo ni jibu.